Shuka la Machela

Singe, Babati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ukifika hapa uitikie marahaba kwa sauti, hata kama uko peke yako, maana ni muda mrefu sijaisikia ya kwako. Mguu unaendeleaje? Bado unavimba ukitoka shamba? Na mikorosho mwaka huu imeshika maua au imekausha tena? Mimi mwili hauna shida, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia, na sababu nitakueleza taratibu. Nimeandika herufi kubwa ili usome mwenyewe. Kile kisomo cha watu wazima ulichohangaika nacho, leo ndiyo siku yake ya kazi. Barua hii usimpe mtu akusomee, hata dada Mwanahawa.

Kazi yangu unaijua, ingawa nasikia huko unawaambia watu kwamba mimi ni daktari wa ng'ombe. Sio daktari, Mama. Mimi na mwenzangu tunatembea porini upande wa Magugu tumeshika kitambaa cheusi katikati yetu, mbung'o wanatua juu yake, tunawakamata na kuwahesabu. Tunalala huko huko. Chini hakulaliki kwa papasi na siafu, kwa hiyo ofisi imempa kila mtu machela, yaani kitanda cha turubai kinachofungwa kwa kamba kwenye miti miwili, ukalala juu hewani. Kina chandarua chake, blanketi, turubai jingine la kuzuia mvua, na ndani kuna shuka jeupe la bafta lililoshonwa kama gunia. Unajiingiza humo mpaka mabegani.

Unanijua nilivyo na vitu vyangu. Wenzangu wanasokomeza tu mfukoni halafu wanashangaa usiku wakilala na harufu ya koga. Mimi siwezi. Nikirudi mjini naanika kila kitu uani, hata kama jua ni la kubahatisha. Kikikauka sikifungi mfukoni kikabanwa, nakining'iniza kwenye boriti ya chumbani kikiwa kimelegea, mbali na mahindi, kwa sababu panya akifuata mahindi lazima akutobolee na shuka. Siku ya safari ndipo napanga: blanketi chini, shuka, machela, chandarua, halafu turubai la mvua juu kabisa, maana mvua ikikukuta njiani hilo ndilo la kwanza kutoka. Kamba zinakaa mfuko wa pembeni, zisilowanishe vingine. Wananicheka, nawaacha wacheke.

Nimepanga chumba kwa Mama Elizabeti na mumewe, wakulima wa mahindi na maharage waliotoka Mbulu, Wakatoliki, watu wema mno kwangu. Waliishi na mama mzazi wa Mama Elizabeti, sote tulimwita Bibi. Huyo alikuwa na mdomo, we acha tu. Alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na banda la ng'ombe akinitazama ninavyokunja. "Mjukuu," anasema, "unakunja kama mwanamke anayekunja nguo za mtoto wa kwanza." Au, "Mtu mzima na ndevu, analala kama popo." Siku moja akataka na yeye alale humo. Nikafunga machela kati ya mwarobaini na nguzo ya banda, tukampandisha na Mama Elizabeti. Akafumba macho, akatulia kimya mpaka tukaingiwa na hofu, tukaanza kumtikisa. Akasema bila kufumbua macho, "Niacheni, bado sijamaliza."

Mama, Bibi amefariki. Kifua kilimbana mvua zilipoanza na hakikumwachia.

Sijui huko Masasi mkoje, lakini huku nguo hakuna. Sabuni tumezoea kuikosa, tunafulia majani ya mpapai. Sukari tumeisahau. Lakini safari hii sanda haikupatikana. Baba Elizabeti alikwenda duka la ushirika, akaenda Bagara, akaenda Maisaka, akarudi mjini akagonga mlango kwa mlango. Tangu msako wa walanguzi upite, mwenye jora amelificha au amelitupa mtoni, na hata anayekuonea huruma anaapa kwamba hana. Paroko alikuwa na kitambaa cha altare tu. Baba Elizabeti akarudi amechoka, akasema basi tumzike katika ngozi ya ng'ombe kama wazee wao wa zamani. Mkewe akamwambia mbele ya watu, "Mama yangu alibatizwa na nguo nyeupe. Leo umfunge ngozi?"

Na shuka langu lilikuwa limeanikwa uani. Nilikuwa nimerudi kutoka porini siku iliyotangulia. Waombolezaji wote walikuwa wanaliona, na hakuna hata mmoja aliyeniomba. Hilo ndilo lililonitesa. Wangeniomba ningekasirika, ningewaambia mali ya serikali haiguswi, yakaisha. Walikuwa wanaangalia kamba, halafu wanaangalia chini. Mwisho Mama Elizabeti mwenyewe akanijia. Akasema, "Rashidi, lile shuka." Nikamjibu kwa ukali, nikasema lile ni la ofisi na mimi sitaki kufungwa kwa ajili ya mtu. Akasema, "Najua, mwanangu," akageuka akaenda zake. Hakununa hata kidogo.

Nikaingia chumbani nikakaa. Mama, nilikuwa najiona nina haki kabisa. Lakini kila nikifumba macho naona ile ngozi, na aliyefungwa ndani si Bibi, ni wewe, na mimi niko mbali sijui lolote. Nikatoka, nikalianua, nikachukua wembe nikafumua mishono. Pembe yenye muhuri wa ofisi nikaikata nikaiweka. Iliyobaki nikampa Mama Elizabeti. Alilia mpaka na mimi nikalia, na mimi unajua silii ovyo.

Hapo ningekuambia yameisha, lakini ndiyo yalianza. Makaburini, baada ya kufukia, Baba Elizabeti akasimama kutoa shukrani za familia, kama desturi. Akamshukuru paroko, akawashukuru waliochimba, akawashukuru kinamama waliopika. Halafu akasema, "Na huyu kijana wetu wa mbung'o. Bila yeye mama angekwenda bila nguo. Rashidi, simama wakuone." Mama, alisema kwa moyo safi kabisa. Nikasimama. Mbele yangu alikuwepo balozi wetu wa nyumba kumi, na pembeni yake mgambo aliyekuwa kwenye msako. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi.

Balozi akanifuata njiani. Hakunigombeza, aliniuliza kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Nguo ile uliipata wapi?" Nikasema, "Mama yangu aliniletea kutoka nyumbani." Nisamehe, ndilo jina lililonijia. Akasema, "Ile uliyokuwa unaanika kila ukirudi je?" Nikasema ipo kwenye mfuko wake. Akatembea kidogo. "Vizuri," akasema. "Bwana stoo akija utamwonyesha."

Bwana stoo ni yule anayetoka Arusha kukagua vifaa vyetu. Safari hii atakuja baada ya mavuno ya maharage. Kila mtu anaweka mfuko wake mezani, anatoa kitu kimoja kimoja, kinahesabiwa. Mwenzetu wa kambi nyingine alikosa blanketi tu, mpaka leo yuko mahabusu na wanamwita mhujumu uchumi. Tangu mazishi, vitu vyangu sijavining'iniza vimelegea kwenye boriti. Mfuko umefungwa kwa nguvu, na mahali pa shuka nimejaza maganda ya mahindi ili uonekane umejaa. Porini nalala na blanketi tupu, najifunika mpaka usoni mwenzangu asione. Mimi yule yule niliyekuwa nawasema watu kwa kufunga ovyo. Mtu akikohoa nje ya dirisha nakuwa nimeshasimama.

Nguo nimeitafuta, usifikiri nimekaa tu. Mwenye bafta huku hayupo, au yupo na ananiogopa, maana anayetafuta nguo siku hizi wanadhani ametumwa.

Sasa nafika kwenye lile lililonikalisha na kalamu hii muda wote. Mama, kwenye sanduku lako la bati, chini ya kanga za harusi, kuna bafta. Watoto wako wote tunajua ni ya nini na wote tunajifanya hatujui. Uliinunua kwa korosho zako mwenyewe, miaka ile ambayo nguo zilikuwa zinajaa madukani, na ulimwambia fundi asiikate. Naiomba hiyo. Nitaishona kama gunia, nitaitia pembe yenye muhuri, nitaifulia majani ya mpapai mpaka ichakae kidogo, na bwana stoo ataihesabu apite.

Nimeona aibu mpaka nimechana karatasi nikaanza upya. Usione ni uchuro, sikuombei mabaya. Nilitaka kukuandikia kwamba nitakununulia nyingine, nikafuta, kwa sababu sijui nguo itarudi lini. Nikikuahidi halafu siku yako ikafika kabla ya nguo, nitakusitiri na nini? Jela naiogopa, Mama, sikufichi. Lakini hilo linaniogopesha zaidi.

Aliyekuletea barua hii ni Bwana Chilumba, dereva wetu, mtu wa Ndanda, amekuja likizo. Atarudi Babati kabla ya ukaguzi. Hajui kilichoandikwa humu, kwa hiyo mpe maji na chakula, mwache akae barazani wakati unafikiri.

Msalimie dada Mwanahawa na watoto wake, mwambie nguo za shule sijazisahau ila sizipati. Mpe shikamoo yangu mjomba Saidi fundi cherehani, na baba mdogo wa msikitini, lakini huyo usimwambie habari ya mazishi, atauliza maswali mengi. Mama Elizabeti anakusalimu sana. Hakujui, lakini kila siku ananiuliza habari zako, na mimi nashindwa kumtazama.

Ukiamua kuitoa, ikunje ndogo, uiweke katikati ya gunia la muhogo mkavu, umpe Chilumba umwambie ni chakula cha mwanao. Ukiamua kutoitoa, mpe muhogo peke yake. Nitaumwaga chini nitafute mpaka mwisho wa gunia, na nisipokuta kitu nitaupika nile, na sitakuuliza, si kwa barua wala siku tutakapoonana.

Ni mimi mwanao,
Rashidi