Koti la Mlinzi

3 Machi

Shikamoo Mama,

Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Tamthilia inafunguliwa tarehe 20, na ni mara ya kwanza mavazi na jukwaa zima vimewekwa mikononi mwangu. Mwongozaji ameshasema nikiharibu atamrudisha mbunifu wake wa zamani. Bado nina kuta tatu za kupaka rangi, kwa hiyo nakutumia koti la mzee mlinzi. Mwigizaji wake aliugua, amekonda. Lipunguze inchi moja kila ubavu, basi. Sina fundi ninayemwamini kama wewe.

Kitindamimba wako

9 Machi

Marahaba mwanangu,

Goti linalalamika tu, limemfuata mwenyewe. Koti nimelipokea nikaona aibu kwa niaba yako. Viwiko vimetoboka, vifungo vitatu kila kimoja na ukoo wake, kola ina uchafu wa mwaka mzima. Nikajua kazi imekuzidi. Nimelipunguza, nikaliloweka siku mbili, nikatia viraka visivyoonekana na vifungo vipya sita, nikalipiga pasi. Sasa mlinzi wako anaweza kusimama mbele za watu. Na wewe umekonda? Kula.

Mama yako

12 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Sijui nianzie wapi. Ule uchafu niliuweka mimi. Wiki mbili nilisugua viwiko kwa msasa, nikapaka kola chai na nta, nikatia mawe mifukoni ili ilegee. Huyo mlinzi amekesha getini miaka ishirini. Nilitaka watu waione kwenye koti kabla hajafungua mdomo. Leo mwongozaji kalitazama, akauliza kama mlinzi anakwenda kuposa. Wenzangu wakacheka, mimi nikaenda kulia nyuma ya mapazia. Kosa ni langu, sikukueleza. Lakini siku nane hazitoshi Mama, na ninaogopa.

Kitindamimba wako

15 Machi

Mwanangu,

Salamu zitafuata. Umri wote huu kazi yangu ni kuficha matundu ya watu, ningejuaje kuna anayeyatafuta? Nisamehe. Ndani ya kifurushi mna koti la baba yako. Mfuko wa kulia umevutwa na funguo za karakana, kiwiko kimeisha kwa kuegemea meza. Mara mbili nimelifunga nikalifungua. Tangu tumzike sijalifua, miaka kumi na mmoja. Kola bado ina harufu yake. Litumie. Ila lisiguswe na maji, nakuomba.

Mama yako

21 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini umelala, maana mimi leo nimelala. Koti la Baba halikupanda jukwaani. Mwigizaji yule anavuja jasho kama bomba bovu, na onyesho likiisha nguo zote huenda kwa dobi. Nililitundika juu ya meza yangu, siku nne nikaliiga kwenye lile ulilofua: mfuko, kiwiko, mkunjo kwa mkunjo. Jana mlinzi alipotokea, hajasema neno, ukumbi ukanyamaza. Mwongozaji amenipa na tamthilia ijayo.

Nalirudisha kavu. Ila nina kosa moja: kabla ya kulifunga, nililivaa. Mikono yake bado inanifunika vidole.

Kitindamimba wako

26 Machi

Mwanangu,

Limefika salama. Nilinusa kola kwanza, nikakaa chini. Yumo, na sabuni yako kidogo. Hilo si kosa. Mimi hulivaa kila Jumapili, nikishafunga mlango.

Mama yako