Mzaramo wa Hässelby

Neville, mtani wangu,

Najua hukuweza kusoma Kiswahili. Maneno uliyoyajua yalikuwa machache, na mengi yake hayasemeki mbele ya wakwe. Lakini nadhani marehemu hawahitaji mkalimani. Kama wanamhitaji, mtafute Mnyamwezi yeyote huko uliko. Sisi hatukosekani popote.

Nakuandikia kwa sababu uliondoka na jibu langu. Miaka yote tuliyokaa jengo moja huku Hässelby, pembeni ya Stockholm, nilikuuliza swali lile lile: ulisema nini jukwaani hata wakakufukuza kwenye kisiwa chenu? Mchekeshaji anayejaza kumbi, watu wanapanga foleni tangu mchana, halafu kwa kichekesho kimoja tu anawekwa kwenye ndege! Mkeo Gunilla aliniambia ni habari za kofia ya Mheshimiwa wenu, mkuu wa nchi. Mwanafunzi mmoja wa visiwa vya jirani akaapa kwamba ni habari za mke wa Mheshimiwa. Nikikuuliza wewe, tukiwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo, unakunja mashuka yako taratibu na kusema, "Huku haitachekesha, Kabula." Ulikuwa unanitesa, na ulijua.

Wakati mwingine nakumbuka ile sherehe yetu Watanzania ya Uhuru na kucheka peke yangu kwenye treni, mpaka Waswidi wanahama viti. Nilikuwa nimekueleza utani wa kwetu: kwamba Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana wanatukanana vizuri tu, wanaporana hata kitoweo, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Ulishangaa mno. Nchi ambayo mzaha una sheria yake! Ila ulisikia nusu, mtani. Ukadhani kila Mtanzania ni mtani wa kila mtu. Mgeni rasmi, mzee mzima wa serikali kutoka nyumbani, alikuwa bado anahutubia, na wewe ukasimama katikati ya ukumbi: "Mzee, hotuba yako ni ndefu kuliko baridi ya Uswidi!"

Ukumbi mzima ukakugeukia. Mimi niliyekuleta nilitamani ardhi ipasuke. Kisha mdomo ukanitangulia: "Msameheni, huyo ni Mzaramo!" Bahati yetu, yule mzee alikuwa Mnyamwezi wa Tabora kama mimi. Alikutazama kutoka kwenye viatu hadi kwenye kofia, akasema, "Ndiyo maana hana adabu," na watu wakavunjika mbavu. Tangu siku ile ukawa Mzaramo. Wakenya na Waganda, ambao hawakuelewa chochote, nao wakakuita hivyo.

Tukirudi nyumbani ulikuwa na maswali kama mtoto. Nani anapanga watani? Mtu anaweza kuomba? Halafu ukaniuliza nani alikuwa mtani wa Mheshimiwa wenu. Nikasema labda hana. Ulikuna sikio kwa mkono wa kushoto. "Basi hiyo ndiyo kazi niliyoomba," ukasema, "wakaninyima."

Sasa nikueleze habari za mazishi yako, maana mwenyewe ulikuwepo lakini hukupewa nafasi ya kusema.

Moyo ulipokusimama kule ghalani Jordbro ulikofanya kazi, nilidhani tutakuzika kesho yake. Thubutu! Waswidi hawana haraka na maiti. Wiki zikapita, na katika kusubiri huko habari zikafika kwenu. Serikali ile ile iliyokufukuza ikamtuma mtu kutoka ubalozi wao, na shada la maua kubwa kuliko jeneza, na utepe wenye jina la Mheshimiwa kwa herufi za dhahabu. Gunilla alilia kwa hasira. Aliniambia wanataka kukufanya mtu wao, sasa kwa kuwa huwezi kuwajibu. Angemkataza asije, lakini aliogopa watakuwa na sababu ya kumsumbua mama yako aliyebaki kule. Nilikasirika nami. Hata hivyo, nisikufiche, nilitaka sana kumwona. Mtu wa namna hiyo anafananaje?

Alifanana na mwalimu wa hesabu. Mwembamba, miwani, koti jepesi lisilojua Novemba. Makaburini alitoa karatasi akasoma kwamba ulikuwa lulu ya taifa. Lulu! Kichekesho hakikutajwa, wala ndege. Wenyeji walisimama, kila mmoja na waridi lake mkononi. Nikaona wazi kwamba usiposemewa hapo, umezikwa mara mbili.

Nikakumbuka mimi ni nani kwako. Nikavua kofia yako kichwani mwa Gunilla, nikaivaa, nikatembea mwendo wako ule wa bata mwenye deni, mpaka kwenye jeneza. "Mzaramo mvivu wewe! Umeona baridi inakuja ukawahi kulala? Nani atapanga masanduku Jordbro?" Niliyasema kwa Kiingereza ili kila mtu asikie. Mchungaji alimtazama Gunilla. Gunilla, machozi bado yanamtoka, akamwambia kwa Kiswidi, "Mwache, ni kazi yake."

Yule mtu wa ubalozi alipokuja kuweka shada, nikakaa chini njiani mwake. Nikamweleza kwamba kwetu mtani huzuia mazishi mpaka apewe haki yake, na haki yangu ni moja: asimulie kile kichekesho. Bila hicho, shada halipiti.

Alitazama nyuma. Neville, tulikuwa Stockholm, nyuma yake palikuwa na misonobari tu, na bado alitazama! Nilimwonea huruma. Nilikuwa karibu kusimama nimpishe. Ndipo akavua miwani.

"Mheshimiwa amefungua daraja letu jipya mara nne," akaanza. "Mara nne amekata utepe, mara nne bendi imepiga, na hakuna aliyevuka hata mara moja. Kwangu mlango ukifunguliwa mara nne na watu bado hawapiti, hatumwiti waziri, tunamwita seremala. Na seremala akifika anauliza jambo moja tu: kilichokwama ni kipi?"

Akatueleza kwamba hapo hukusema kitu. Uligeukia picha ya Mheshimiwa iliyotundikwa ukutani, kama ilivyo kwenye kila ukumbi kwenu, ukaionyesha kwa mdomo. Basi. Polisi walitafuta neno la kukushtaki wakakosa, ndiyo maana ikabidi wakufukuze. Kumbe ni mdomo ule ule tunaochongoa sisi Tabora kumwonyesha mgeni choo kilipo!

Lakini kilichonishika si kichekesho. Alikisimulia kwa sauti yako. Ule mkono wako wa kushoto unaokuna sikio kabla ya neno lenye mzaha, aliuinua akakuna kabla ya "seremala." Ule ukimya wako, aliushikilia mpaka nikasahau kupumua. Na kwa kuwa makaburini hapana picha, alipofika mwisho aligeuka polepole, akachongoa midomo kulielekea shada lake mwenyewe.

Gunilla alicheka kwa sauti. Mchungaji akafuata. Mimi nikalia, mtani, na sioni aibu. Nikampisha apite.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Gunilla amehamia kwa dada yake, na mimi nimeomba nyumba Akalla, kule wanakochimba reli mpya. Chumba cha kufulia kimekuwa mahali pa kufulia tu.

Kwenye kahawa baada ya mazishi yule mtu aliniomba nisilitaje jina lake, na hata kwako silitaji. Nilimuuliza amejifunzia wapi kukuiga vile. Alikoroga kahawa yake mpaka ikapoa. "Bafuni," akasema. "Kila Jumapili. Nafungulia bomba kwanza, watoto wasisikie."

Kwaheri, Mzaramo. Nakuahidi nitakisimulia kichekesho chako popote nitakapokaa, bomba likiwa limefungwa.

Mtani wako,
Kabula