Maabara ya Vitu vya Kuokota

Namakwekwe, Mbale
Machi 1981

Kwa kaka yangu Fadhul,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kimaka, wewe na wifi Hadijah, na mama pia. Je, uvimbe wa mguu wake umepungua? Mimi mwili hauna ugonjwa. Usingizi ndio sina, na sababu yake nitakueleza, ila nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza.

Unajua vita vya mwaka 1979 vilituachia shule ya kuta tupu. Maabara iliporwa hata mabomba ya maji. Mwenzangu Mwalimu Masaba, mtu mwenye mikono ya ufundi, aliniambia tusiingoje serikali, basi tukaanza kuokota. Balbu zilizoungua tulizijaza maji zikawa lenzi. Mizani tuliitengeneza kwa vifuniko vya soda na uzi. Maganda ya risasi watoto wadogo wakayatumia kuhesabia. Walimu wa shule nyingine walikuja kutuiga, nami nilijivuna, sikufichi.

Hivi karibuni Masaba akaleta kiunzi kizima cha mifupa ya mtu, amekiunganisha kwa waya wa simu. Alisema mvua iliifukua mifupa hiyo shambani kwake, chini ya mlima Wanale, akaichemsha na kuisugua kwa chokaa. Alisema ni ya mtu wa zamani sana. Nikashukuru, maana cha kununua tusingekiweza.

Juzi nilikitundika mbele ya darasa. Nilitaja mbavu, watoto wakazitaja nyuma yangu. Kisha niliushika mkono wa kushoto nikaukunja, waone kiwiko kinavyofanya kazi. Juu ya kiwiko Masaba alikuwa amezungusha kitambaa, akidai mfupa umepasuka. Kitambaa kikafunguka. Ndani palikuwa na bamba la chuma lenye skrubu, na skrubu ya mwisho imekaa upande.

Fadhul, wewe ndiye uliyeiinua ile picha ya eksirei dirishani, Faraj alipoanguka kutoka paa la msikiti akavunjika mkono. Wewe ndiye uliyeicheka ile skrubu iliyopinda. Ndugu yetu hakukimbilia Sudani kama tulivyodhani. Nadhani alikuwa anakuja kwangu.

Sikulia. Nilibaki nimeushika mkono wake, watoto wakidhani bado nafundisha. Masaba alipokuja nikamweleza ni nani, akakaa sakafuni. Alikiri kwamba lile bamba aliliona tangu mwanzo, akajua ni mtu wa vita, lakini wafu walikuwa wengi na hakuna aliyekuja kuuliza.

Nikamwambia, “Mnubi gani angekuja kuuliza huku mwaka ule, sisi tukiwindwa, Masaba?”

Masaba aliinuka. Alizikata zile nyaya kwa koleo, moja moja, machozi yakimtoka. Sikuweza kumsaidia, wala kumfukuza.

Jana Sheikh Sulait alimsalia Faraj, tukamzika kwenye makaburi ya Waislamu. Masaba ndiye aliyechimba kaburi. Najua mama bado anangoja habari kutoka Juba. Mwambie wewe, kaka, mimi sitaweza. Ila habari ya darasa usimwambie kamwe.

Asubuhi hii Babirye, mwanafunzi wangu, aliuliza yule mtu alikuwa nani. Niliandika ubaoni Faraj Yakub, nikawaomba wasimame. Walisimama wote, wakabaki hivyo hata nilipokwisha kufuta ubao.

Msalimie wifi, na mama umbusu mikono kwa niaba yangu. Mungu awape subira.

Mimi dada yako,
Hajara