Kichwa cha Mbao

Dada yangu mpenzi,

Wasalimie wanao. Usicheke mwandiko, nitakueleza. Zile kofia zangu za maigizo zimepata wanunuzi. Ya mfalme kaichukua mwalimu wa jirani. Ya simba, yenye manyoya ya sufu, ilikuwa bado inakauka juu ya kile kichwa cha mbao ninachokivalisha kofia ili zishike umbo.

Shemeji yako aliikuta hapo. Akasema nimegeuza nyumba jaa la matambara, akaichanachana kwa mkasi wangu mwenyewe. Nilipomzuia, akaniangusha sakafuni na kunikanyaga. Wewe huniambia ndoa ni uvumilivu. Siku hiyo uvumilivu ulikuwa mbali, dada. Kichwa cha mbao kilikuwa karibu.

Nilimtwanga nacho mara mbili. Mbao haikupata hata ufa. Yeye ameshonwa nyuzi kumi na moja, tena zimekwenda upogo. Ningemshona vizuri zaidi mimi. Amehamia kwa mama yake, na watu anawaambia aliteleza bafuni.

Simba namshona upya, polepole, kwa mkono wa kushoto, huu huu unaokuandikia. Wa kulia ndio alioukanyaga, kidole kimoja kimoja.

Mdogo wako,
fundi kofia