Ng'ombe Waliolala kwa Mzee Mabula

Ibadakuli,
Shinyanga.
9 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Serafina,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Newala? Agnetha amemaliza mitihani yake? Sisi huku wazima, ila vumbi limeanza na mama anakohoa kidogo asubuhi. Najua simu ipo, lakini ni wewe uliyesema sentensi nzuri haiandikwi kwa kidole gumba. Basi kaa vizuri, maana nina furaha hadi mwandiko unanikimbia.

Barua yako ya Pasaka ilinisikitisha. Uliandika kwamba mtu akiolewa mbali, nyumbani panamsahau, na kwamba hukutuachia chochote. Nitalirudia hilo.

Kwanza habari yenyewe: nimefaulu, Shangazi. Ile ripoti ya chuo, ambayo ingekataliwa ningerudia mwaka mzima, imepita.

Unakumbuka ulivyonilea? Kila jioni neno moja jipya la Kiingereza, sentensi tatu, ndipo sahani ya ugali isogezwe. Mwaka huu nikakutana na neno refu kuliko yote, "intercorrelation". Wanalitumia watu wa takwimu wakiona vitu kadhaa vinakwenda pamoja, kila kimoja na mwenzake. Hiki kikipanda, na vile vinapanda au kushuka. Nililipenda kama kiatu kipya. Nikatunga sentensi yangu hata kabla sijatoka chuoni: kwamba idadi ya ng'ombe wa kaya, vikombe vya maziwa na uzito wa watoto vinakwenda pamoja namna hiyo. Ndipo nikaenda kijijini kwetu kutafuta namba za kuivalisha.

Namba zikaniumbua. Kaya zilizosema zina ng'ombe arobaini, watoto wao wanakunywa chai ya rangi. Mzee Mabula, jirani yetu wa siku zote, akaniambia hana hata ng'ombe mmoja, na huku mjukuu wake Blessing, wa miaka minne, amenona na maziwa yamemkaukia mdomoni. Mwalimu Athanas, msimamizi wangu, aliposoma aliweka kalamu chini.

"Limi, ama wazee wamekudanganya, ama dodoso umelijaza umekaa kivulini. Nakupa wiki moja."

Nililia, sikufichi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mayu, mama yangu, Mabula hajadanganya. Ng'ombe si wake, kapewa alishe tu. Kwani wewe umekulia maziwa ya nani?"

Aibu ilinishika. Mimi Msukuma mzima nimesahau kwamba kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja, anawagawa kwa jamaa na marafiki ili ugonjwa au wezi wasimmalize siku moja. Mwenye mali anahesabu, mlishaji anakunywa maziwa, na ukimuuliza mlishaji atakujibu kiungwana kwamba hana kitu. Wote walisema kweli. Swali langu ndilo lilikuwa bovu, nililitoa kitabuni nikalipeleka zizini bila kulionja.

Nikakodi pikipiki ya Mihayo, nikarudi kaya zote sitini na swali moja tu: jana ng'ombe wangapi wamelala hapa kwako? Watu walijibu bila kusita, kwa kuwa hilo halina siri. Siku ya tano nikaziingiza namba kwenye kompyuta, na zikashikana zote tatu, ng'ombe na maziwa, maziwa na uzito, uzito na ng'ombe. Nilipiga kelele maktaba nzima ikageuka.

Jumatano nikasimama mbele ya walimu wanne, kwa Kiingereza. Sentensi ya kwanza ilikuwa ile ile ya zamani, ila sasa nilikuwa nimeishuhudia. Ya pili nilisema kwamba uhusiano huo haukuonekana tulipohesabu mali ya mtu, ulionekana tulipohesabu zizi lake. Mwalimu Athanas akauliza kama basi ng'ombe ndio walionenepesha watoto. Nikajibu hapana, neno hili linasema vitu vinakwenda pamoja, halisemi kipi kimesababisha kipi. Akatabasamu, na huyo mtu hatabasamu hovyo.

Nisalimie Baba Agnetha, mwambie korosho zake ziliisha siku ile ile zilipofika. Agnetha naye asikwepe sentensi zake tatu, zina faida. Mama anakusalimu sana na anakuombea goti. Mungu akulinde, na akuoneshe njia ya kuja kututembelea.

Najua umehesabu, na sentensi umepata mbili. Ya tatu ni yako. Niliporudi kwa Mzee Mabula, alisema waliolala kwake ni sita. Nikamuuliza ni wa nani. Mwenye ng'ombe hatajwitajwi, ila mimi akaniambia, "Wa shangazi yako. Aliniachia mtamba mmoja mwekundu alipokuwa anaolewa. Mwambie wapo, mimi kuandika sijui."

Shangazi, ripoti hainiruhusu kusema kwamba Blessing amenona kwa sababu yako. Barua inaniruhusu.

Mimi mwanao niliyekula ugali wako kwa sentensi,
Limi