Kompyuta ya Jumatatu na Alhamisi

Jumatatu, 3 Oktoba 1988

Nimefika asubuhi na lori la pamba. Kijiji kiko saa moja kwa baiskeli kutoka Samuye. Vumbi hadi kwenye meno.

Kazi: kukusanya majina ya wanawake wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi katika vijiji kumi na viwili, na kuyaingiza kwenye kompyuta ya ofisi ya mradi wa mifugo. Wafadhili wanataka diski. Karatasi huungua, wanasema.

Kompyuta haikuwaka. Feni inazunguka, taa ndogo ya kijani ipo, kioo cheusi. Hakuna herufi hata moja. Cornel, mkuu wa ofisi, akaipiga kofi ubavuni, kisha akaniambia kwamba ndivyo inavyofanya mara nyingine. Lini? Hajui. Mara nyingine.

Mchana nilikwenda kuona nyumba ya aliyeuawa wiki iliyopita. Ya tatu baada ya lambo. Mwanamke wa miaka sabini hivi. Panga mara tano: mbili shingoni, tatu mikononi — aliinua mikono. Damu ukutani imefika usawa wa kifua changu. Mkwewe alisema watu walimshuku kwa sababu ya macho mekundu. Alipokuwa akisema, macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu na yanatoka machozi. Jikoni kinyesi cha ng'ombe kilikuwa kinafuka. Kuni zimekwisha huku miaka mingi.

Jumanne, 4 Oktoba

Imewaka mara moja. Sikuwa nimegusa kitu. Majina kumi na moja yameingia: umri, kijiji, tarehe, silaha. Safu ya silaha inachosha vidole. Panga, panga, panga, rungu, moto, panga.

Alhamisi, 6 Oktoba

Haikuwaka. Nimebadilisha plagi. Nimebadilisha soketi. Fyuzi nzima. Waya wa kioo umekaza.

Kitu kinachofanya kazi Jumanne na kukataa Alhamisi hakikatai bure. Nimeanza jedwali: tarehe, saa, hali ya hewa, waliokuwa chumbani, imewaka au haikuwaka. Jumatatu na Jumanne nimezijaza kutoka daftari hili. Nimelibandika ukutani juu ya kompyuta ili yeyote anayeiwasha aandike.

Chumbani leo: mimi, Cornel, Theopista. Theopista ndiye anayefagia. Mjane, mwaka wa kuzaliwa haujui. Halipwi fedha, anapewa pumba kutoka mashine ya kusaga iliyo nyuma ya ofisi, kwa ajili ya kuku wake. Macho yake mekundu kama ya wengine wote wanaopikia kinyesi. Akipangusa kompyuta anaisalimu kwanza — "Mwangaluka" — kwa sauti ya mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kitu kinachonguruma hukijui kimeamkaje. Cornel hakucheka.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimeifungua kwa bisibisi ya cherehani. Vumbi unene wa ukucha. Mjusi mmoja, mkavu. Nimechomoa kadi zote, nimezifuta kwa kitambaa, nimezirudisha kwa kuzikandamiza. Ikawaka! Nilidhani nimemaliza. Majina tisa. Mmoja alichomwa ndani ya nyumba pamoja na mjukuu wa miaka minne.

Jumatatu, 10 Oktoba

Haikuwaka. Basi si vumbi wala mjusi.

Cornel alisimama mbele ya jedwali muda mrefu, mikono nyuma. Alitoka akamwambia Theopista kuanzia leo afagie nje tu.

Nikalitazama alikokuwa analitazama. Siku tatu haikuwaka. Siku tatu zote jina la Theopista lipo. Siku mbili iliwaka, hayupo. Nilishaliona hilo Alhamisi nikalipuuza, kwa sababu bibi na ufagio havizimi kompyuta. Nilipaswa kulibandua jedwali saa ileile. Sikulibandua. Jedwali halikuwa limekamilika.

Jumatano, 12 Oktoba

Imewaka. Nilifanya kazi saa mbili tu.

Filimbi kama saa nne. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wamemkamata mtu na ng'ombe wawili wasio wake. Vijana ishirini, vifua wazi, pinde na mishale mgongoni. Walimlaza uwanjani mbele ya ofisi. Nilihesabu fimbo hadi sitini na mbili, halafu wakabadilisha wapigaji nikapoteza hesabu. Mgongo ulipasuka kwenye ya ishirini. Meno mawili ya mbele yalitoka kwa teke, si kwa fimbo. Alipoacha kulia walimmwagia maji wakaendelea. Wanawake watakaosaga kesho walikuwa wameshapanga debe zao kwenye foleni. Hakuna aliyeondoa debe lake.

Baadaye kamanda wao, Ngassa, alikuja kunawa kwenye pipa letu. Mtu mpole wa sauti, miaka hamsini, mhitimu wa elimu ya watu wazima. Akaingia kuona kompyuta. Akaomba aelezwe ile karatasi ukutani ni ya nini. Nikamweleza. Akaisoma yote kwa kidole chenye maji, mstari kwa mstari. Kidole kikaacha alama kwenye jina moja, mara tatu. Nilimwambia mimi bado natafuta sababu. Akajibu kwamba anaona ninakaribia, akashukuru, akaenda.

Alhamisi, 13 Oktoba

Haikuwaka. Theopista alikuwa nje. Niliandika: nje.

Saa tatu walikuja tisa. Ngassa aliingia na kulibandua jedwali kwa uangalifu, bila kuchana pembe. Akamwonyesha Cornel mstari wa leo: hata ukuta haumzuii.

Walimpiga Theopista palepale alipokuwa anafagia. Wa kwanza alitumia ufagio wake. Wa pili rungu — mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Mfupa ulilia kama muwa. Hakupiga kelele. Alimwita aliyempiga kwa jina la utoto, akamwuliza mama yake anaendeleaje. Akapigwa tena, mdomoni, asiulize.

Nilikwenda mlangoni. Kijana mmoja aliuelekeza mshale tumboni kwangu, umbali wa mkono. Ncha yake ina gundi nyeusi, sumu. Nikasimama. Nikamwambia Ngassa kwamba hili ni kosa, kwamba jedwali ni la kutafutia ubovu, si ushahidi juu ya mtu. Akanijibu bila ubaya wowote:

"Ndugu Mwandishi, sisi hatukumtaja. Umemwandika wewe."

Kufikia saa sita nyumba yake ilikuwa majivu. Kuku wake wamegawanwa. Yeye amefungwa kambini kwao, kwenye nguzo ya zizi. Jumatatu ataletwa mfumu, mganga wa kusoma kuku: mshukiwa hutema mate mdomoni mwa kifaranga, kifaranga huchinjwa, mfumu hutazama ndani. Kikitoka vibaya wanamaliza. Nimemwuliza Cornel wanamaliza vipi. Akasema Sungusungu hawatumii panga. Wanazika mtu angali mzima hadi shingoni, halafu wanapitisha ng'ombe.

Ijumaa, 14 Oktoba

Imewaka. Kijiji kizima kinajua kwamba imewaka, na yule amefungwa.

Sikuandika jina lolote leo. Nilimtafuta Sabiti. Ni mtu wa Tabora, ndiye mwendesha jenereta na mashine ya kusaga. Nikamwomba kitu ambacho nilipaswa kumwomba tangu siku ya kwanza: siku anazosaga.

Jumatatu na Alhamisi. Dizeli haitoshi kwa zaidi.

Na pumba hupatikana siku gani? Alinitazama kama mtoto mjinga. "Sasa kaka, pumba itoke wapi siku isiyosagwa? Mama Athanas, huyo Theopista wenu, huja siku zangu. Akija nyingine atabeba nini?"

Ana mita ya umeme. Tukapima kwenye soketi ya kompyuta. Mashine ikiwa imezimwa: volti 222. Akaiwasha, tupu, bila mtama: 170, halafu 181. Na mtama ndani itashuka zaidi, anasema, jenereta ni mzee. Nikajaribu kuiwasha kompyuta. Feni, taa ya kijani, kioo cheusi. Sabiti akazima mashine. Nikawasha. Herufi.

Tulirudia mara sita. Sita kwa sita.

Siku kumi na moja. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta wangu kila siku ya ubovu, na katika jedwali langu niliweka hali ya hewa.

Jumamosi, 15 Oktoba

Asubuhi Shinyanga mjini, juu ya magunia. Polisi wa zamu aliandika maelezo yangu yote kwa mwandiko mzuri. Gari limekwenda kwenye tukio jingine. Labda Jumatatu jioni. Nilimwambia Jumatatu jioni atakuta ng'ombe wameshapita. Akaandika na hilo.

Mchana kambini. Wameniruhusu kumwona. Mkono umevimba hadi vidole vimefutika. Midomo imeshonana kwa damu iliyokauka. Nilimpa maji kwa kifuniko cha chupa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa shida. Nilimwambia nimeijua sababu. Hakuuliza sababu. Aliuliza kama nimeandika kokote kwamba si yeye. Nikasema nitaandika. Akasema la kwanza uliliandika upesi.

Nilimweleza Ngassa habari ya volti. Alisikiliza mpaka mwisho, watu wachache huku wamewahi kunisikiliza hivyo. Kisha akasema jana imewaka kwa sababu bibi amefungwa. Nikamwambia basi tujaribu: Jumatatu bibi abaki amefungwa mbali na ofisi, Sabiti awashe mashine, na kompyuta itakataa. Ikikataa naye hayupo, si yeye. Akakubali, mbele ya wenzake, kwamba ikikataa naye hayupo, si yeye. Akataka mfumu awepo. Na jedwali.

Jumatatu, 17 Oktoba

Naandika ofisini. Mlangoni amesimama yule kijana wa mshale. Amenikataza kutoka, hajanikataza kuandika.

Saa mbili walikuja kama arobaini. Theopista aliletwa hadi chini ya mti tu, ng'ambo ya uwanja, hatua mia na kumi, nilizipima mwenyewe. Sabiti akawasha mashine ya kusaga na kumwaga mtama. Mita ikasoma 164. Nikamwambia Ngassa awashe kompyuta kwa kidole chake mwenyewe, asije akasema ni changu.

Feni. Taa ya kijani. Kioo cheusi.

Nikamwashiria Sabiti azime. Ngassa akawasha tena. Herufi. Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Tulifanya hivyo mara nne. Sikuwahi kufurahia kiasi hicho kuona kitu kikikataa kuwaka.

Ngassa alitimiza neno lake. Alitoka mlangoni akawatangazia kwa Kisukuma kwamba si yule bibi. Niliona kamba ya mkono mmoja ikifunguliwa, ule mzima. Nikaketi.

Akarudi ndani. Akalikunjua jedwali mezani, akalinyoosha kwa viganja. Akasema mashine ya kusaga ni ya kijiji, ina miaka mitatu, inasagia watoto unga, na haijawahi kufanya ubaya. Mashine hutumwa. Akauliza nani alikuwepo siku zote ilizokataa. Kidole kikaanza juu.

Tarehe tatu. Tarehe sita. Tarehe kumi. Tarehe kumi na tatu. Theopista alikuwepo zote nne, akasema, lakini leo hayupo na imekataa, huyo tumemtoa. Cornel leo hayupo, yuko Samuye. Huyo naye tumemtoa.

Jina lililobaki ni moja. Limeandikwa kwa mwandiko wangu, mara nne, na leo ni mara ya tano.

Nilimwambia nilikuwepo pia siku ilizowaka, tarehe nne, tarehe saba, tarehe kumi na mbili. Atazame vizuri. Alitazama.

"Siku hizo ulitaka iwake," alisema. "Leo ulitaka ikatae. Ikakutii mara nne, sote tumeona."

Mfumu akasogea mezani. Ni mtu mfupi mwenye koti la mvua. Akafungua kikapu akatoa kifaranga cheupe. Niliuliza nikikataa itakuwaje. Ngassa akasema nina haki ya kukataa, kwa kuwa mimi ni mgeni; kwa hiyo kifaranga kitakwenda kwa bibi, kwa kuwa kimeshatolewa kikapuni na hakiwezi kurudi bure.

Nikakishika. Kina joto, moyo unapiga kama saa mbovu. Mfumu akakifungua mdomo kwa kucha mbili.

Mate hayakutoka.

Nilijaribu tena. Ulimi mkavu kama kitambaa. Nimeona maiti mia na zaidi katika kazi hii na mkono wangu haujawahi kutikisika. Hata sasa hautikisiki, mwandiko huu uko sawa. Mdomo tu. Wazee wakaanza kunong'ona. Niliomba maji. Mfumu akatikisa kichwa: maji si mate.

Ngassa amesema hakuna haraka, nikae, yatakuja yenyewe. Amekiweka kifaranga juu ya kompyuta, kwenye joto lake, na kimetulia hapo. Kwenye dirisha ninamwona Theopista bado chini ya mti. Kamba ya mkono mzima imefunguliwa. Ile ya mkono uliovunjika haijaguswa. Kuna mmoja amesimama karibu naye akishika ncha, ananitazama, anangoja kuambiwa aifungue au aikaze.

Nimemeza. Hakuna kitu.