Masikio ya Ukoo

12 Februari

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Mama yako mgongo unamsumbua asubuhi, ukishapata jua unatulia, na mimi sina cha kulalamikia ila wewe.

Mama yako anasema humpigii tena simu. Akipiga yeye unapayuka "halo, halo", halafu unakata. Jumapili alikuwa bado anakusalimia, ukamjibu "ndiyo, nitaleta", ukakata. Mpaka leo anajiuliza utaleta nini. Amenuna, na akinuna yeye anayeteseka ni mimi. Kama simu ni mbovu, tafuta nyingine. Kama mna ugomvi na mkeo, sema. Mimi mwenyewe simu sizipendi, unanijua, ndiyo maana nakuandikia.

Habari ya huku ni kwamba wamenichagua tena mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa. Wanasema hakuna mzee anayejua kusikiliza watu kama mimi. Mtu anaweza kuongea mpaka povu limtoke, simkatizi. Baba yako mdogo alikitaka kiti hicho, lakini nani ampe na domo lile? Yeye kazi yake ni kusikia mambo ya watu. Mama yako akifunua sufuria tu, mdogo wangu yuko mlangoni anauliza hali zetu.

Kiwanda kinaendeleaje? Mashine namba nne bado inatema misumari isiyo na vichwa? Nisalimie mafundi wanaonikumbuka.

Baba yako

2 Machi

Shikamoo Baba,

Nashukuru mko wazima. Hapa mke wangu hajambo na mtoto ameota meno mawili mengine. Mwambie Mama anisamehe, simu si mbovu. Ni masikio yangu.

Sikutaka kusema. Ilianza polepole, kama miaka miwili sasa. Nilikuwa nikitoka kazini nasikia kitu kama filimbi ndani ya kichwa, nikishakula kinakwisha. Siku hizi hakiishi, na sauti za watu zimekwenda mbali. Mtu akinipigia kelele sikioni napata neno moja moja, kwenye simu sipati kitu.

Mwezi uliopita nilikuwa nasukuma toroli ghalani, foklifti ikarudi nyuma. Dereva wake, yule tunayemwita Kinyonga kwa mwendo wake, anasema alipiga honi mpaka watu wa ofisini wakatoka nje. Mimi nilijikuta niko chini, bega limeteguka, misumari imetapakaa kila mahali. Bega limerudishwa, usiwe na wasiwasi. Meneja akasema mtu asiyesikia honi ni hatari kiwandani. Nimetolewa kwenye mashine, nimepewa ufagio.

Yuko mama mmoja wa idara ya kufungasha, ndiye anayetuwakilisha kwenye chama cha wafanyakazi, tunamwita Mama Chama. Alinikuta nafagia, akachukua boksi tupu akaniandikia: "Bega watalitibu. Masikio je?" Nikamwambia masikio si ajali, hayakutoka damu. Akaandika tena kwa herufi kubwa, kama anayemwandikia mtoto. Kelele za kazini zikikuharibu masikio, hayo ni madhara ya kazini, sawa na mashine kukukata kidole. Sheria inayataja. Unamwarifu mwajiri kwa maandishi, unapimwa, unalipwa fidia, na haruhusiwi kukufukuza kwa sababu umedai.

Basi nimedai. Walinipeleka kwa daktari wa kampuni, mtu mcheshi, alinipa na chai. Alinipigia kelele sikioni kuuliza kama kwetu kuna mwingine asiyesikia vizuri. Nikamjibu kwa ule utani wa Mama, kwamba wanaume wa ukoo wetu ukitaka wasikie uwarushie kiatu. Alicheka sana, nami nikacheka. Huku anacheka alikuwa anaandika.

Sijalia, Baba. Nafagia, narudi nyumbani, nalala.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Habari ya bega imetuuma. Mama yako alilia, akapika, akalia tena.

Ila nani alikutuma upeleke masikio yangu kwa watu nisiowajua? Mimi sina ugonjwa wowote. Nasikia vizuri, na nisiposikia ni kwamba sikutaka. Utani wa mama yako ni wa nyumbani, si wa kumpelekea daktari. Watu wa kamati wakisikia habari hizo wataniona vipi?

Tena usishindane na kiwanda. Kile kiwanda ndicho kilichokulea. Mimi nilisimama mbele ya mashine zile mpaka nilipostaafu, na sikumdai mtu. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Iko hapa sebuleni, inagonga kila saa mpaka leo, na kila ikigonga nakumbuka kwamba walinithamini. Shika ufagio wako, tulia. Watakurudisha kwenye mashine.

Baba yako

15 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumai mgongo wa Mama umepata nafuu na maji ya mtaani yanatoka. Sisi tupo.

Usikasirike, soma mpaka mwisho. Majibu ya dai langu yamekuja. Wamelikataa. Wameandika hivi: "Upungufu wa kusikia ni wa ukoo, kwa maelezo ya mfanyakazi mwenyewe." Ni kile kiatu cha Mama, Baba. Wamekivalisha suti.

Mama Chama aliyasoma mara mbili, akachukua kalamu. Akaniandikia kwamba tunaweza kukata rufaa. Bodi itakaa mwezi wa saba. Nikishindwa nitaachishwa kazi kama mgonjwa wa kuzaliwa, bila fidia, na bila vile vyombo vya kuvaa sikioni vya kunisaidia kusikia ambavyo sheria inataka wanipe. Kiwanda gani kingine kitachukua fundi asiyesikia honi?

Nimekaa nikafikiri. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba babu alikuwa anasikia mpaka siku anakufa. Baba Mdogo anasikia sufuria ikifunuliwa. Hao wote hawakuingia kiwandani. Tulioingia ni wewe na mimi.

Naomba uende hospitali upimwe masikio. Daktari aandike ulifanya kazi gani na kwa muda gani, na Baba Mdogo naye aandike maelezo yake kuhusu babu na kuhusu yeye mwenyewe. Nakuomba hilo tu. Najua ni gumu kwako, na najua kwa nini.

Mtoto ameanza kusema. Mama yake anasema ana maneno mengi na kuna moja analirudia akiniona. Mimi naona mdomo unachezacheza. Namwitikia kwa kichwa.

Mwanao

30 Mei

Shikamoo Baba,

Hujanijibu. Mama alimwambia mke wangu kwenye simu kwamba u mzima, unakwenda vikao, unakula. Basi vizuri.

Mimi pia mzima. Wameniambia nikae nyumbani mpaka rufaa iamuliwe. Asubuhi naamka saa ile ile, navaa viatu, nakaa kitandani. Mke wangu amezoea, siku hizi ananipita. Siku yangu ya mwisho kiwandani umeme ulikatika mchana. Nilijua kwa miguu, sakafu iliacha kutetemeka. Watu wote walionekana wamepumua. Kwangu hakukubadilika kitu.

Sikuombi tena uende hospitali. Ila kuna jambo nataka nikwambie, nikinyamaza nitakuwa nakuchezea shere kama wengine wote. Ile saa ya ukutani haigongi. Mara ya mwisho nilipokuja nilikuwa bado nasikia, nilikaa sebuleni kutwa nzima, mishale ikazunguka na kengele haikulia hata mara moja. Nilitaka kuuliza, Mama akanikonyeza. Jikoni akaniambia kengele yake imekufa siku nyingi, na ametukataza sote tusikwambie kwa sababu unaipenda.

Mwanao

9 Julai

Shikamoo Baba,

Bahasha yako ilifika kabla ya kikao cha bodi. Nilitafuta barua ndani, nikaigeuza, nikaitikisa. Ilikuwa na cheti cha daktari na maelezo ya Baba Mdogo, kurasa nne, katika hizo tatu anajisifu. Neno lako hata moja halikuwemo.

Tumeshinda. Nakwambia mapema ili usisome kwa wasiwasi.

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza, na Mama Chama pembeni yangu na rundo la karatasi za kuniandikia. Wakili wa kampuni alionyesha risiti za vizibo vya masikio. Wakaniuliza kama ni kweli tulipewa. Nikawaambia tulipewa, siku ya mkaguzi tu. Vililetwa ndani ya beseni la bluu, mkaguzi alipopanda gari lake beseni likapita tena kuvikusanya. Siku nyingine zote tuliziba kwa pamba ya kufutia mashine, kama enzi zenu.

Halafu wakatoa cheti chako. Kina mchoro, mstari mmoja kwa kila sikio, ukishuka maana yake husikii. Wakauweka karibu na mchoro wangu. Wangu unakwenda, unaanguka. Wako umelala chini kabisa, Baba, kuanzia mwanzo. Wakasoma maelezo ya Baba Mdogo, mwenyekiti wa bodi akatabasamu kidogo, akamsogezea wakili. Wakili alitazama ile michoro miwili, akafunga faili lake.

Wamesema si ya ukoo, ni ya kazini. Nitalipwa fidia, nitapewa vyombo vya masikioni, na watanirudisha kazini kwenye stoo ya vipuri, hakuna mashine. Mama Chama aliuliza pia habari yako. Wakasema kwako muda wa kudai ulipita zamani, ilibidi udai ulipokuwa bado kazini au mara tu ulipostaafu. Aliniandikia hayo kwa herufi ndogo.

Watu wamenipongeza. Nimewashukuru. Nilidhani nitafurahi, nimekaa nasubiri furaha ije. Labda itakuja na vyombo.

Ilikuwaje siku ya kupimwa? Niandikie.

Mwanao

28 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anacheka peke yake tangu apate habari ya ushindi wako. Mimi pia nimefurahi, nakuandikia wazi ili usidhani nimenuna.

Barua yako ya mwezi wa tano niliisoma mara moja, nikaiweka. Nikapanda kwenye kiti, nikashika saa kwa mikono miwili, nikangoja mshale mrefu ufike kwenye kumi na mbili. Haikutetemeka. Mama yako alikuwa mlangoni anaosha mchele, hakuinua macho. Kesho yake nikamwambia avae, twende hospitali.

Kiti cha kamati nimekiachia. Niliwaambia kwenye kikao kwamba sisikii, na kwamba hao waliokuwa wakinililia habari za mabomba miaka yote walikuwa wakiongea na mama yako. Alikuwa anakaa kando yangu. Akinigusa goti mara moja, naitikia. Akinigusa mara mbili, nakataa. Walicheka wote, walidhani nawatania. Sasa mwenyekiti ni baba yako mdogo na wanakatizwa mpaka basi. Muda wangu wa kudai umeshapita. Waambie vijana wa hapo wadai mapema.

Umeuliza siku ya kupimwa.

Walinitia kwenye chumba kidogo kama kabati, kuta zake zina sponji, mbele kuna kioo. Binti anayepima akanivika vile vikombe vya masikioni, akanipa kitufe nishike. Aliniandikia kwamba nikisikia mlio wowote, hata mdogo namna gani, nibonyeze. Mwanangu, sikusahau nimekuja kwa sababu gani. Nilijua unataka karatasi iseme nini. Lakini nilipokishika kile kitufe nilitamani nibonyeze, hata mara moja tu.

Nikakaa sawasawa. Kwenye kioo nilimwona binti anazungusha swichi za mashine yake, mama yako ameketi nyuma yake na mkoba mapajani. Nikasema moyoni, hawa nao wachelewaji, mashine yao haijapata moto, na mimi mashine nazijua. Nikangoja na kidole juu ya kitufe. Nikaona mama yako anafungua mkoba, anatoa leso. Nikadhani ni mgongo umemshika kwa kile kiti kigumu. Nikaendelea kungoja, wewe unajua mimi kungoja sichoki.

Halafu mlango ukafunguliwa, binti akanivua vile vikombe. Nikamwambia, "Mimi niko tayari, binti yangu, anza."

Kumbe alikuwa ameshamaliza, masikio yote mawili. Mama yako aliinama mbele yangu, akanigusa goti mara mbili.

Baba yako